Embu, Meru na kinyang'anyiro cha makao makuu

Leo naweka kando programu, tuzungumze historia kidogo.

Mnakumbuka Septemba 2017, Amazon ilipotangaza kwamba inatafuta mji wa kujenga makao makuu ya pili? Ahadi ilikuwa nafasi 50,000 za kazi na uwekezaji wa dola bilioni 5. Yaliingia maombi 238 kutoka Amerika Kaskazini, mengine yakiwa na msamaha wa kodi wa kutisha. Novemba 2018 walioshinda walikuwa New York na Arlington, Virginia, jirani na Washington. Mwenye nacho akaongezewa! Na Februari 2019 Amazon ikajitoa New York, baada ya wenyeji kupinga msamaha huo wa kodi.

Sasa tuje kwetu, mashariki mwa Mlima Kenya.

Embu na Meru zote zilianza kama boma za wakoloni mwanzoni mwa karne ya 20, na baadaye zikawa chini ya Mkoa wa Kati, makao yake Nyeri. Mwaka 1963 katiba ya majimbo ikazitoa huko na kuziweka katika Jimbo la Mashariki, pamoja na Machakos, Kitui, Isiolo na Marsabit. Makao makuu yakawa Embu, ingawa Meru ilikuwa na watu wengi zaidi. Majimbo yalipofutwa na kugeuka mikoa, Embu ikabaki na kiti chake.

Kiti hicho kilikuwa na uzito. PC alikaa Embu (sizungumzii kompyuta, jamani!), na hospitali ya mkoa ikawa hapo, pamoja na wakubwa wa idara mbalimbali. Mtu wa Moyale mwenye shida ya ngazi ya mkoa alikuwa zaidi ya kilomita 600 kutoka ofisi hizo. Sisi waandishi wa programu tungesema mkoa mzima ulitegemea seva moja.

Na Meru je? Haikukaa kulia. Ilikuwa na kahawa, majani chai na miraa, na biashara ikaukuza mji bila PC. Mwaka 1997 kikaanzishwa huko Chuo Kikuu cha Methodisti, KeMU.

Kisha ikaja katiba ya 2010. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013, uliokuwa Mkoa wa Mashariki ukawa kaunti 8, kila moja na gavana wake na fungu lake la fedha. Seva moja ikawa nane. Kwa sensa ya 2019, Kaunti ya Embu ilikuwa na watu 608,599, na Meru 1,545,714.

Lakini Embu haikufa. Hospitali ipo, na kituo cha utafiti wa kilimo kipo. Chuo cha kilimo kiligeuzwa chuo kikuu kishiriki mwaka 2011, na mwaka 2016 kikapata hati yake kamili. Angalieni pia Tharaka-Nithi, katikati ya Embu na Meru: makao makuu ya kaunti yalipelekwa Kathwana, si Chuka iliyo kubwa zaidi. Chuka ikabaki na chuo kikuu chake, na vijana wanaendelea kumiminika huko.

Hata mji wa teknolojia ulipopangwa ndani ya mkoa huohuo, eneo lililochaguliwa lilikuwa Konza, ekari 5,000 kando ya barabara ya Mombasa. Rais Kibaki aliuzindua ujenzi wake Januari 2013. Embu na Meru zikapitwa.

Kwa hiyo kampuni kubwa ikija kesho kuwapiganisha magavana wetu kwa ardhi ya bure na kodi ya chini, nitauliza jambo moja tu: ikiondoka, kitabaki nini? Makao makuu huamuliwa na mtu aliye mbali, na huyohuyo anaweza kuyahamisha. Fedha za msamaha huo zingeweza kulipia maabara Nchiru, kwenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, au pale Embu. Mhitimu anayejua kazi anaweza kuajiriwa na kampuni yoyote, na pia anaweza kuanzisha yake.

Watu wa Embu na Meru, nyinyi mwaonaje?