Guka Hakuwa Mlevi

Wasee, wacha niwape stori ya mat moja.

Mwaka juzi nilikuwa na guka tukienda tao. Kondaa akanyoosha mkono, guka akatoa noti ya mia, na ile noti ikaanza kupepea kama bendera. Jamaa wa kiti cha nyuma akacheka: "Huyu mzee ameanza mapema leo." Guka hajaonja pombe tangu aokoke. Hakujibu kitu. Ila tangu siku hiyo aliacha kanisa, akaacha chama, akaacha hata kukaa nje na wazee wenzake.

Daktari alikuwa ashatuambia ni Parkinson, na dawa alikuwa anameza. Kilichokuwa kinammaliza ni kujifungia. Nikaanza kusoma historia ya huu ugonjwa, na kumbe yote ilianzia barabarani.

Mwaka 1817 James Parkinson, daktari wa mtaa wa Hoxton, London, aliandika kijitabu kuhusu wagonjwa sita. Watatu kati yao aliwaona tu njiani wakipita. Watu wengine waliona mzee anayetetemeka, yeye akaona ugonjwa. Zaidi ya miaka 50 baadaye, Jean-Martin Charcot wa Paris akaupa jina la Parkinson. Alikataa kuuita kupooza, na akaonyesha kwamba wagonjwa wengine hata hawatetemeki.

Dawa ilichelewa sana. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Uswidi aliwapa sungura dawa iliyomaliza dopamini kwa ubongo, wakalala kama mawe. Akawadunga levodopa, wakaamka. Mwaka 1961 madaktari wa Vienna wakaijaribu kwa binadamu, na watu waliokuwa hawawezi kusimama wakatembea. Hadi leo levodopa ndiyo dawa kuu.

Lakini haiponyeshi. Inasaidia mwili, kisha nguvu yake inapungua, unangoja dozi nyingine. Na hakuna tembe ya aibu.

Muhammad Ali aliambiwa ana Parkinson mwaka 1984. Mwaka 1996, kwenye Olimpiki ya Atlanta, alisimama mbele ya dunia nzima akiwasha moto, mkono unatetemeka waziwazi. Watu walishangilia. Guka yangu, kwa kutetemeka vilevile, alichekwa.

Sasa cheki hii. Mwaka 2001, Brooklyn, New York, kiongozi wa kikundi cha watu wenye Parkinson alienda kwa kampuni ya densi ya Mark Morris. Hakuomba matibabu. Aliomba darasa la densi, lenye walimu wanaocheza kazi na muziki unaopigwa papo hapo. Darasa lile limesambaa nchi nyingi. Mwaka 2006, Indianapolis, Scott Newman, kiongozi wa mashtaka wa zamani mwenye Parkinson, alisaidia kuanzisha Rock Steady Boxing. Wanapiga mifuko, hakuna kupigana.

Inasaidia aje? Dopamini ikipungua, mwendo uliokuwa unajiendesha wenyewe unakwama. Mdundo wa nje unaupa ubongo hesabu ya kufuata, na mazoezi yanasaidia usawa na nguvu. Halafu kuna kile hakipimwi hospitalini: chumba ambacho kila mtu anatetemeka, na hakuna anayekodoa macho.

Msiseme hiyo ni mambo ya wazungu. Hapa jirani, wilaya ya Hai huko Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba, na wengi waliopatikana na Parkinson hawakuwa wameambiwa kamwe wanaugua nini. Fikiria ni wangapi mtaani kwenu wanaitwa walevi, ama wanasemekana wamerogwa.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya: dawa ni kazi ya daktari, lakini kumrudisha mtu kati ya watu ni kazi yetu. Ukiona mzee anakawia kutoa fare, ngoja. Kama ni wa kwenu, mpeleke hospitali, uliza mtaalamu wa tiba ya viungo mazoezi gani yanamfaa, kisha yafanye naye.

Sisi Jumamosi tunamwekea guka rumba ya zamani sebuleni. Anahesabu hatua, binamu yangu anamshika kiwiko. Mwezi uliopita wazee wawili wa chama walikuja kuangalia, wakaishia kucheza. Jumapili iliyofuata walimpitia wakaenda naye kanisa. Kwa mat, nauli alitoa mwenyewe.