Mgori na Sekondari ya Kata

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, nchi nzima ilikuwa na sekondari 41 na wanafunzi 11,832. Singida ilikuwa bado haijawa mkoa. Ilisubiri hadi 1963. Mtoto wa Kinyaturu aliyechaguliwa kutoka Mgori, huku Singida, aliondoka: bweni lilikuwa mbali, na huko alilala kitanda jirani na Mhaya au Mmakonde. Wenzake, ambao ndio wengi, walibaki na uwele, mtama na ng'ombe.

Mabadiliko yalikuja kwa kishindo. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulianza 2004, na kuanzia 2006 Waziri Mkuu Edward Lowassa akazibana halmashauri: kila kata iwe na sekondari. Wanavijiji walisomba mawe na mchanga, wakachangishwa, pengine kwa kusukumwa na mgambo. Sekondari nchini zikapanda kutoka 1,291 mwaka 2004 hadi 4,102 mwaka 2009. Mgori nayo ikapata yake. Mjini walizicheka, wakaziita yeboyebo, na walimu waliopikwa kwa wiki chache wakaitwa vodafasta. Kejeli hizo hazikuwa za bure: mwaka 2012, hata baada ya matokeo ya kidato cha nne kupangwa upya, zaidi ya nusu ya watahiniwa nchini walifeli. Lakini waliocheka sana ni wale ambao tayari walikuwa na shule jirani.

Tena, shule kuwa ndani ya kata si kuwa jirani na nyumbani. Huku vijiji vimetawanyika kandokando ya msitu wa Mgori, ule ambao vijiji vitano vilikabidhiwa kuutunza miaka ya tisini. Shule ya kutwa katika nchi ya namna hii huzaa geto: chumba cha kupanga, godoro, jiko la mkaa, na binti wa miaka kumi na minne asiye na mtu mzima wa kumuuliza amerudi saa ngapi. Mimba nyingi tunazozilaumu kwa tamaa za watoto zilianzia kwenye umbali huo.

Januari 2016 ada ya shilingi 20,000 ilifutwa, madarasa yakafurika, na kitaifa wasichana wakaanza kuwazidi wavulana kidato cha kwanza. Novemba 2021 serikali ikaruhusu waliojifungua warudi shuleni. Kurudi huko kunategemea bibi aliye tayari kulea mjukuu msimu wa kulima.