Mpango wa miaka 25 na baiskeli za mpakani

Nimekuwa kimya kwa sababu bosi ameniagiza niandike mpango wa miaka mitatu wa programu yetu ya mawakala wa forodha hapa Malaba. Benki haitoi mkopo bila karatasi hiyo. Badala ya kuandika nimejikuta nasoma historia ya reli (mnanijua).

Novemba 2006 kampuni ya Rift Valley Railways ilikabidhiwa reli ya Kenya na Uganda, hii inayovuka mpaka hapa kwetu, kwa mkataba wa miaka 25. Ndani yake kulikuwa na malengo ya mizigo, malengo ya uwekezaji, na ada ya asilimia 11.1 ya mapato ya mizigo kwa serikali. Msizicheke karatasi hizo. IFC na KfW ya Ujerumani waliikopesha kampuni, na hakuna benki inayotoa pesa za injini za treni kwa maneno ya mdomo.

Shida ni kwamba makadirio ya miaka 25 yaliwekwa juu ya reli kuukuu ya enzi za mkoloni. Januari 2008, miezi 14 tu baadaye, ghasia za baada ya uchaguzi zikapamba moto na reli ikang'olewa Kibera, Nairobi. Nilikuwa na miaka kumi. Nakumbuka wakubwa wakisema Uganda haina petroli. Jambo kama hilo unaliwekaje kwenye jedwali? Wawekezaji wakabadilika, Sheltam ya Afrika Kusini ikaipisha Citadel Capital ya Misri, malengo yakaendelea kukosewa, na 2017 mkataba ukavunjwa. Ilibaki miaka 14.

Sasa tazama bodaboda. Ilianzia Busia, jirani zetu, kwa baiskeli zilizopeleka watu kati ya vituo viwili vya forodha. Jina lenyewe ni neno la Kiingereza la mpaka, limetamkwa mara mbili. Hakuna aliyeandika mpango wowote. Baiskeli ikawa pikipiki na kuenea Afrika Mashariki nzima. Ila hata baiskeli mia haziwezi kuleta behewa moja la saruji kutoka Mombasa, na mwenye baiskeli alijikopea kwa shemeji yake.

Basi nikaandika miaka mitatu, nikaongeza kifungu kwamba takwimu zitapitiwa upya kila miezi mitatu. Benki imerudisha: wanataka takwimu moja kwa kila mwaka, zisizobadilika. Bosi anasema nijaze tu. Faili liko wazi tangu Jumatatu, na safu ya mwaka wa tatu bado ni tupu.