Toll Isiyo na Toll

Leo naweka PHP kando kidogo, tuongee barabara.

Ukipanda matatu ya Thika, mkishapita Ruiru na kabla ya Juja, makanga huuliza, "Toll kuna mtu?" Watu hushuka, na hakuna anayelipa ushuru wa barabara pale. Kituo kilienda, jina likabaki.

Serikali ilianza kutoza magari katika vituo kama hicho miaka ya 1980. Gari linasimama, dereva anatoa pesa, anapewa risiti, anapita. Kwa macho ya mtu wa programu, mfumo huo una kasoro mbili. Kwanza foleni, maana kila gari linangoja la mbele limalizane na karani. Pili (na hii ndiyo kubwa), kituo huona tu kinachopita mbele yake. Gari la Thika kwenda Nairobi lilinaswa. Lililoanzia Ruiru mjini halikuonekana kabisa, ingawa lilitumia karibu nusu ya barabara ile ile.

Sheria ya 1993 ikaleta dawa nyingine: ushuru wa matengenezo ya barabara ukaingizwa ndani ya bei ya mafuta. Hakuna kizuizi wala karani. Anayeendesha sana hununua mafuta mengi, hulipa zaidi. Nakiri, mimi nisingeubuni vizuri zaidi. Julai 2024 ushuru huo ulipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita.

Halafu Thika Superhighway. Rais Mwai Kibaki aliifungua Novemba 2012: kama kilomita 50, kampuni tatu za Kichina, takriban shilingi bilioni 32 zikiwemo fedha za serikali na mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Exim ya China. Kutoza wanaoipita kumezungumzwa mara kadhaa. Nairobi Expressway, iliyofunguliwa 2022, ilionyesha foleni inavyopunguzwa: kifaa kwenye kioo kinasomwa, salio linakatwa. Lakini Expressway inaenda sambamba na Mombasa Road, na asiyetaka kulipa anapita huko. Mtu wa Ruiru angepita wapi? Angelipa kwenye pampu, kisha alipe tena langoni.

Kinachoninyima usingizi ni basi la umeme. Tangu 2022 mabasi hayo yanabeba abiria Nairobi, na hayanunui tone la dizeli. Yakizidi kuongezeka, mfumo wa 1993 hautayaona, kama kile kituo kilivyokuwa hakimwoni mtu wa Ruiru.