Mnyang'anyi wa Kuchorwa

Wengi wetu tumeona sinema za Marekani zenye farasi na bastola. Mara nyingi mwizi ni mtu wa Meksiko: kofia pana, masharubu, tena mjinga. Tulicheka pamoja na wengine, wala hatukuuliza ni nani aliyeitunga sura ile.

Watu wa Meksiko wenyewe waliuliza mapema. Mwaka 1922 serikali yao ilikataza sinema za makampuni yaliyowatukana zisionyeshwe nchini mwao. Lakini Wachicano wangefanya nini? Hao ni watu wa asili ya Meksiko walio raia wa Marekani. Nchi ya mababu wa baadhi yao ilitwaliwa katika vita vilivyokwisha mwaka 1848. Hawakuwa na serikali nyingine ya kuwagombea. Waliowatukana walikuwa raia wenzao.

Basi, mwaka 1967 katika televisheni ilitokea picha ya kuchorwa, jina lake Frito Bandito, ya kutangaza vipande vya mahindi vya kukaanga. Kazi yake ilikuwa kuwanyang'anya watu vipande hivyo kwa bastola, huku akisema Kiingereza cha kuvunjika. Watoto walimpenda, na ubaya ulikuwa hapo: mtoto wa Kichicano alikaa nyumbani kwao akifundishwa kwamba watu wake ni wezi. Watu walipolalamika, kampuni ikamwondolea jino la dhahabu na ndevu zisizonyolewa. Kana kwamba shida ni ndevu! Wakaviendea vituo vya televisheni, na vingine vya California vikakataa kumwonyesha. Mwaka 1971 akaachwa.

Tujue kwamba kituo hutumia mawimbi ya hewa kwa kibali cha serikali, na siku zile kibali kilidumu miaka 3 tu. Raia waliweza kuandika kuomba kisitolewe tena. Wachicano waliitumia sheria hiyo, na polepole milango ikafunguka: mwaka 1972 Jesús Treviño alionyesha Yo Soy Chicano, historia ya watu wake waliyoisimulia wenyewe.

Katika sinema alisimama Ricardo Montalbán, mzaliwa wa Meksiko, Mkatoliki, mchezaji mwenye sifa. Mwaka 1970 yeye na wenzake walianzisha chama cha Nosotros, maana yake "Sisi", kuwatafutia wenzao kazi za heshima. Vijana wengine walimwona mpole mno. Lakini hata upole ule ulimletea hasara: alieleza baadaye kwamba kazi zilimpungukia kwa sababu ya chama hicho. Kwa hiyo hatuwezi kuwahukumu upesi waliokubali kuigiza wezi. Mwenye watoto hushika kazi iliyopo.

Naye Luis Valdez alianza mwaka 1965 kuchezesha michezo juu ya malori, kati ya wafanyakazi wa mizabibu waliogoma. Mwaka 1978 alileta Zoot Suit mjini Los Angeles, juu ya vijana wa mji huohuo waliohukumiwa bila haki mwaka 1943. Mchezo ulipofika New York mwaka 1979 uliandikwa vibaya magazetini, ukafungwa baada ya majuma machache. Los Angeles watu walijaza viti miezi na miezi.