Unaandika tasnifu ya elimu? Usisubiri umalize ndipo uombe semina

Wanafunzi wengi wa PhD hujiambia, "Nikimaliza tasnifu ndiyo nitaomba semina." Wakimaliza, wanakuta wamechelewa. Semina za aina hii ni za mtu ambaye kazi yake bado inaweza kurekebishwa.

Mfano ni Semina ya David L. Clark ya Marekani, kwa wanaotafiti uongozi na sera za elimu.

Inaandaliwa na nani?
Ni UCEA, muungano wa vyuo vikuu vinavyofundisha uongozi wa elimu, pamoja na vitengo A na L vya AERA, chama cha watafiti wa elimu kilichoanzishwa mwaka 1916. Kwa kawaida hufanyika sambamba na mkutano wa mwaka wa AERA. Wanafunzi wanaeleza utafiti wao, watafiti wazoefu wanauliza maswali na kushauri.

Anza na msimamizi wako
Huko hujipendekezi mwenyewe, unapendekezwa na mhadhiri. Kwa hiyo kabla ya kugusa fomu, zungumza na msimamizi wako. Mpe muhtasari na wasifu wako mapema, siyo siku mbili kabla ya mwisho wa kupokea maombi.

Muhtasari ndio unaokubeba
Eleza swali lako, unakusanya data gani, na umefikia wapi. Tuseme wewe ni Mtanzania unayesoma huko. "Changamoto za elimu vijijini" ni mada pana mno. Lakini "Mkuu wa shule ya kata mwenye mwalimu mmoja tu wa hisabati anapangaje vipindi?" ni swali linalotafitika.

Pia usione aibu kusema ulipokwama. Anayeonekana hana shida yoyote, atasaidiwa nini?

Nauli na viza
Uliza mapema nani analipia nauli na malazi. Angalia pia mkutano uko wapi, maana si lazima uwe Marekani. Wa mwaka 2019 ulipangwa Toronto, Kanada. Mwenye viza ya F-1 akitoka Marekani anahitaji saini ya kusafiria kwenye fomu yake ya I-20, na kwa kawaida viza hai ya kurudia. Ofisi ya wanafunzi wa kimataifa chuoni kwako itakuelekeza. Usikate tiketi kabla ya kwenda huko.

Ukikosa je?
Muhtasari huo hauozi. Unaweza kuuboresha na kuomba ufadhili wa tasnifu wa NAEd/Spencer, unaotoa fedha kwa walio katika hatua ya kuandika. Si lazima uwe raia wa Marekani, ila lazima uwe unasoma chuo cha huko.

Masharti na tarehe hubadilika, hivyo soma tangazo la mwaka husika. Ila hatua ya kwanza unaweza kuifanya leo: mtafute msimamizi wako.