Umbo la Injini katika Mbio za Pikipiki za Grand Prix

Mashindano ya dunia ya mbio za pikipiki yalianza mwaka 1949 chini ya Shirikisho la Kimataifa la Pikipiki, FIM, na tangu mwanzo kanuni zake hazikupima nguvu ya injini bali ujazo wake, yaani jumla ya nafasi ambayo pistoni hupita zikipanda na kushuka ndani ya silinda, inayohesabiwa kwa sentimita za ujazo au, kwa ufupi, cc. Daraja la juu liliruhusiwa cc 500. Kwa kuwa mhandisi hakuweza kuongeza ujazo, na baada ya Vita Kuu ya Pili alikuwa amekatazwa pia kuisukumia injini hewa kwa kompresa, alibakiwa na njia moja kubwa ya kuongeza nguvu, nayo ilikuwa kuifanya injini izunguke kwa kasi zaidi. Historia ya maumbo ya injini za mbio hizo ni historia ya juhudi za kutafuta mizunguko, na ya kanuni zilizoifuata kila juhudi ili kuiwekea mpaka.

Sababu yenyewe ni ya kimaumbile. Pistoni ya silinda moja kubwa ni nzito na husafiri mwendo mrefu, na kila inapofika juu au chini hulazimika kusimama na kugeuka, ilhali mvuto unaoikaza konrodi, yaani fimbo inayoiunganisha na krenki, huongezeka kwa mraba wa kasi ya mzunguko. Ujazo ule ule ukigawanywa katika silinda nyingi, kila pistoni huwa nyepesi, mwendo wake huwa mfupi, na valvu za kuingiza hewa na kutoa moshi, zikijumlishwa, hupata eneo kubwa zaidi la kupumulia. Gharama yake ni uzito, upana, msuguano na ugumu wa utengenezaji, na katika muongo wa kwanza gharama hiyo ilitosha kuziweka hai injini za silinda moja. Bingwa wa kwanza wa cc 500, Les Graham, aliendesha AJS ya silinda mbili. Mwaka 1951 Geoff Duke alitwaa taji hilo kwa Norton ya silinda moja, iliyosaidiwa na fremu bora kuliko zote za wakati wake. Hata hivyo Gilera ya Italia tayari ilikuwa na silinda nne zilizopangwa mstari mmoja kukingama fremu, kazi ya mhandisi Pietro Remor, na Duke mwenyewe alihamia huko na kushinda mataji matatu mfululizo kuanzia 1953.

Moto Guzzi iliyajaribu mawazo yote mawili, la silinda moja na la silinda nyingi, kwa wakati mmoja. Katika daraja la cc 350 pikipiki zake za silinda moja, nyepesi na zenye umbo la kupasua upepo, zilichukua mataji matano mfululizo kuanzia 1953 hadi 1957. Na katika miaka hiyo hiyo mhandisi wake Giulio Carcano alibuni injini ya cc 500 yenye silinda nane katika umbo la V, yaani safu mbili zinazokutana chini kwenye krenki moja. Injini hiyo ilizunguka mara 12,000 kwa dakika, lakini ilikuwa ikiharibika mara kwa mara, na kampuni ilipojiondoa mashindanoni mwishoni mwa 1957 ilikuwa haijapata muda wa kukomaa.

Kilele cha mtindo wa kuongeza silinda kilifikiwa na Honda. Injini ya RC166 ya cc 250, iliyotawala msimu wa 1966, ilikuwa na silinda sita katika mstari mmoja, kila moja ikiwa na ujazo wa takriban cc 41 tu, kipenyo cha milimita 41, mwendo wa pistoni wa milimita 31, na valvu nne ndogo juu yake, jumla valvu 24. Ilizunguka mara 18,000 kwa dakika na kutoa nguvu farasi zipatazo 60, na Mike Hailwood alishinda nayo mashindano yote kumi aliyoshiriki mwaka huo. Mwaka huo huo Luigi Taveri alikuwa bingwa wa cc 125 kwa Honda ya silinda tano, kila silinda ikiwa na cc 25. Katika uhandisi wa injini za mipigo minne, yaani zinazohitaji pistoni ipande na kushuka mara mbili kwa kila mwako, ni vigumu kutaja kazi iliyokuwa na ujasiri na usahihi zaidi kuliko hizo.

Injini za mipigo miwili, ambazo huwaka katika kila mzunguko na hazihitaji valvu za aina ile, zilikuwa zikija nyuma ya hizo za mipigo minne. Walter Kaaden wa MZ, Ujerumani Mashariki, ndiye aliyeonyesha jinsi ekzosi iliyopanuliwa kwa kipimo inavyoweza kurudisha mawimbi ya shinikizo na kuijaza silinda, na maarifa hayo yalifika Japani pamoja na Ernst Degner, dereva wa MZ aliyetoroka mwaka 1961 na kumpatia Suzuki taji la cc 50 mwaka uliofuata. Yamaha ikajenga V ya silinda nne hata kwa cc 125. Hapo FIM, ikihofia gharama ambazo viwanda vichache tu vingeweza kuzibeba, ilikata: silinda moja kwa cc 50 kuanzia 1969, mbili kwa cc 125 na cc 250 kuanzia 1970, na nne kwa cc 500 kuanzia 1974. Mwaka 1975 Giacomo Agostini, akiwa na Yamaha, alikuwa bingwa wa kwanza wa cc 500 kwa injini ya mipigo miwili.

Kanuni ya silinda nne ndiyo iliyozaa umbo la ajabu kuliko yote. Honda, iliporudi mashindanoni mwaka 1979 baada ya kujiondoa ikitaka kuzishinda injini za mipigo miwili kwa mipigo minne, ilihitaji silinda nane. Kwa kuwa haikuruhusiwa, iliziunganisha mbili mbili. NR500 ilikuwa V ya silinda nne ambazo hazikuwa duara bali zilirefushwa ubavuni, kila pistoni ikishikwa na konrodi mbili na kila silinda ikiwa na valvu nane. Pikipiki mbili za aina hiyo zilizoshiriki mashindano yake ya kwanza huko Silverstone zilishindwa kumaliza, na katika maisha yake yote ya Grand Prix NR500 haikupata hata pointi moja ya ubingwa. Baada yake Honda ilikubali mipigo miwili na kujenga NS500, V ya silinda tatu tu, yenye nguvu pungufu kuliko washindani wake lakini nyembamba na nyepesi, na Freddie Spencer akamshinda Kenny Roberts wa Yamaha katika ubingwa wa 1983 kwa pointi 144 dhidi ya 142. Mipaka ilikuwa imewafundisha wahandisi kuuliza swali jingine: nguvu inamfikia vipi dereva, na inafika vipi kwenye tairi la nyuma?

Jibu la kwanza lilikuja mwaka 1992, Honda ilipopanga silinda nne za NSR500 ziwake karibu karibu, ndani ya takriban nyuzi 70 za mzunguko, na kuliacha tairi lipumzike katika sehemu iliyobaki. Wapinzani waliiga upesi. Lakini maelezo ya tairi kupumzika hayakutosha, kwani mwaka 1997 Mick Doohan, dereva wa Honda, alirudia mpangilio wa zamani wa mwako na kushinda mashindano 12 kati ya 15. Maelezo bora zaidi yalitoka Yamaha, baada ya daraja la juu kurudi kwenye mipigo minne ya cc 990 mwaka 2002 na Honda kutawala kwa V ya silinda tano. Katika injini ya kawaida ya silinda nne za mstari mmoja, pistoni zote husimama kwa pamoja mara mbili katika kila mzunguko, kwa hiyo krenki hupunguza na kuongeza kasi yake bila dereva kutaka, na mtikisiko huo huchanganyika na nguvu ya mwako hata mkono ulioshika akselereta usiweze kuzitenganisha. Timu ya Masao Furusawa, mhandisi wa Yamaha, ilitenganisha vishikio vya krenki kwa nyuzi 90 ili pistoni zisisimame pamoja, na mtikisiko ukakaribia kutoweka. Mwezi Aprili 2004, huko Welkom, Afrika Kusini, Valentino Rossi alishinda mashindano yake ya kwanza akiwa na Yamaha iliyokuwa na krenki hiyo, mbele ya Max Biaggi wa Honda, na mwisho wa msimu akawa bingwa.

Tangu 2012 kanuni zimeruhusu cc 1000, silinda zisizozidi nne na kipenyo kisichozidi milimita 81, maana yake mwendo wa pistoni wa injini inayotumia ujazo wote hauwezi kuwa mfupi kuliko takriban milimita 48.5, na njia ya RC166 imefungwa kabisa. Uamuzi huo umeokoa fedha nyingi, lakini umewanyima mafundi wa leo uwanja ambao Carcano na Honda waliutumia vizuri. Kilichobaki ni chaguo kati ya mstari na V: Suzuki ilitwaa taji la 2020 na Yamaha la 2021 kwa injini za mstari, kisha V ya Ducati ikachukua yote yaliyofuata hadi 2025, mwaka ambao Yamaha yenyewe iliingiza V ya silinda nne katika mashindano ya Misano. Kuanzia 2027 ujazo unashushwa hadi cc 850 na kipenyo hadi milimita 75.